Barua Nzuri ya Mwenyekiti

Ulemavu wangu ni wa kudumu. Sisemi mimi, wamesema madaktari watatu, wakatia saini na kugonga muhuri. Halafu chini ya neno hilo la kudumu, kwa wino uleule, wakaandika kwamba hali yangu itapitiwa upya kila baada ya miaka mitatu. Nimefanya kazi masijala miaka ishirini na sita. Nimeshika majalada ya kila aina ya mtu, lakini upuuzi mkubwa kama huo kwenye karatasi moja sikuwahi kuuona. Kama ni wa kudumu, mnapitia nini? Mnakuja kuangalia kama pingili za mgongo zimechipua?

Niliumia kazini, na yaliyoniumiza ni majalada yenyewe. Ofisi yetu ilipohamishiwa Dodoma, mafaili yalikuja kwa malori, na sisi makarani tukaja nyuma yake. Wenzangu wa Pwani walilia vumbi na maji ya chumvi. Mimi nilikuwa narudi nyumbani, maana kwetu ni Kongwa. Rafu za chuma zilitakiwa kufungwa ukutani kwa nati kabla ya kupakiwa chochote. Bosi wetu, mtu wa tai na marashi, akasema fundi atakuja Jumatatu, pangeni tu kwanza, wageni wanakuja kukagua. Tukapanga. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye safu ya chini nikitafuta herufi M rafu iliponilalia. Fundi alikuja Jumatatu kweli. Mimi nilikuwa wodini.

Pingili mbili zilivunjika. Tangu siku hiyo naweza kusimama, naweza kutembea polepole nikiwa nimefunga mkanda wa mgongo, na naweza kulala. Kukaa ndiyo kazi. Nikikaa kwenye kiti kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, mguu wa kushoto unakufa ganzi na mgongo unawaka moto. Kuinama siwezi, ndoo ya maji siinui. Karani asiyeweza kukaa wala kuinama ni karani gani? Wakanistaafisha kwa sababu za afya, wakanipa pensheni ya ulemavu, na hiyo pensheni ndiyo ugali wangu. Mume wangu alishatangulia, mwanangu bado anasoma. Ikikatwa, nafungasha virago narudi Kongwa kulishwa na mama yangu, ambaye amepita miaka themanini na bado anashika jembe. Hebu fikiria aibu hiyo.

Mapitio ya kwanza yalikuwa mepesi: picha mbili, kitambulisho, fomu ya hospitali, nikarudi nyumbani. Safari ya pili wakaongeza kitu. Ujumbe ulikuja kwenye simu kwamba mhusika alete pia barua ya serikali ya mtaa inayoeleza maisha yake ya kila siku, ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Mtu fulani kwenye kiyoyozi alikuwa amefikiri sana. Aliona madaktari wanaweza kudanganywa, lakini mwenyekiti wa mtaa anajua nani anabeba zege na nani amelala. Loo, akili hiyo! Huyo mtu hajawahi kuishi kwenye mtaa wowote nchi hii.

Mwenyekiti wetu pale Nzuguni, pembeni ya mji, ni mzee wa mjini hasa, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakanogewa wasiondoke. Alikuwa na duka la vyombo kabla ya kuhamia huku kwetu. Ni mtu mwema kupita kiasi, na wema wake ni wa hatari. Barua zake anaandika kwa mkono, ameweka rula chini ya mstari ili herufi zisiyumbe. Na kwake yeye, barua ya mtaa ina kazi moja tu, kumsifu mtu. Ukitaka ajira anakusifu, ukitaka mkopo anakusifu. Yule kijana aliyekamatwa na mita ya maji ya watu begani, mwenyekiti aliwaandikia polisi kwamba ni kijana mtulivu, mwenye heshima na anayejituma. Anajituma, ndiyo, ila saa mbaya.

Nilijua haya yote. Mtaa mzima unayajua. Na bado nilikwenda nyumbani kwake nikasema, "Shikamoo mwenyekiti, naomba barua ya mtaa, ya mfuko wa pensheni."

"Marahaba mama. Ya kwako? Hiyo nitaiandika kwa moyo mmoja," akasema.

Kesho yake akanipa bahasha, imebandikwa gundi mpaka kwenye kona, na juu ameandika SIRI kwa wino mwekundu. Nikaiweka kabatini siku mbili. Ningeweza kuifungua kwa mvuke wa birika na kuifunga tena, na hakuna ambaye angejua. Masijala tunajua mbinu zote hizo. Lakini mimi miaka ishirini na sita sijafungua bahasha ya siri isiyo yangu, nilikuwa nikijivunia hilo mbele ya makarani wapya mpaka wananikimbia, na mkono haukuniwasha hata kidogo. Nikayabeba maangamizi yangu mwenyewe mpaka mjini, nimeipakata bahasha kwenye bajaji isije ikakunjika. Mjinga kabisa.

Siku ya mapitio tulikuwa wengi kwenye korido ya ofisi ya mfuko. Kulikuwa na mabenchi ya chuma, yale ya baridi yenye matundu. Karani wa mapokezi, binti mwenye kucha ndefu za kubandika, akaniambia, "Mama, kaa, utaitwa."

"Siwezi kukaa muda mrefu, mwanangu. Nitasimama."

"Mama, utaratibu ni kukaa."

Jamani! Watu wamekuja kuthibitisha kwamba hawawezi, na sharti la kwanza ni kwamba waweze. Nilisimama. Nilisimama tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nimeegemea ukuta. Baadaye niligundua hata hilo liliandikwa, kwamba mhusika alisimama kwa muda wa saa nne bila msaada.

Ndani ilikuwa bodi ya madaktari watatu, na aliyekaa katikati alikuwa mpole wa sauti, yule mpole ambaye hakutazami. "Habari za siku nyingi, mama? Unaendeleaje?"

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Najua watu wangapi wamejiponza kwa kujibu "nzuri, namshukuru Mungu," kama vile wamekutana na jirani sokoni. Nikajibu, "Mbaya, daktari. Mgongo uleule." Akashtuka mpaka akanitazama. Nikajiona mjanja mno. Nimeuruka mtego wao, nikasema moyoni, hawa watoto hawaniwezi.

Akafungua bahasha ya mwenyekiti. Akasoma taratibu, akampa wa kulia, wa kulia akampa wa kushoto. Akatabasamu. "Mama, kumbe wewe ni mchapakazi eeh?"

Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikachanua. Tangu niumie hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. "Ee," nikasema, "tangu ujana wangu."

Akaandika.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya mfuko. Mapitio yamebaini kwamba mhusika anamudu kazi za mikono na shughuli za kijamii, hivyo malipo yamesitishwa, na kama ana maelezo ayawasilishe ndani ya siku thelathini. Niliisoma nimesimama jikoni. Nikairudia. Nikakaa chini kwenye kigoda, jambo ambalo silifanyi, na ikabidi jirani wa ukuta mmoja aje kuninyanyua, maana nilishindwa kuinuka.

Nilirudi kule. Binti wa kucha alikuwa dirishani. Nikamwambia nataka kuona kilichoandikwa. Akasitasita, kisha labda akaona uso wangu, akafungua jalada akanigeuzia. Nikaiona barua ya mwenyekiti, mistari imenyooka kama imepigwa kamba.

Alikuwa ameandika kwamba mimi ni mkazi mwema na mchapakazi hodari. Kwamba sijawahi kukosa msaragambo hata mmoja, ikiwemo ule wa kuchimba mtaro wa bomba la maji, ambapo nilikuwa mstari wa mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Kwamba misibani mimi ndiye nguzo ya akina mama, jikoni na kwenye vyombo. Kwamba sijawahi kumlalamikia mtu maumivu. Kwamba mtaa unaomba mama huyu apewe kila analostahili.

Kila alichoandika kilikuwa na chembe ya kweli, hapo ndipo panapouma. Siku ya mtaro, mtaa mzima ulipotoka na majembe, nilitoka na mimi, sikutaka isemwe nimejifungia. Nilisimama kwenye kivuli cha ukuta na daftari, nikiandika nani kafika na nani kachimba hatua ngapi. Mstari wa mbele, ndiyo, mtaro ulianzia pale niliposimama. Na misibani ni kweli mimi ndiye niliyeshika vyombo, kwa daftari. Kabla yangu sufuria za watu zilikuwa zinapotea kila msiba na majirani wananuniana mwaka mzima. Nikaanzisha namba. Kila sufuria, kila busati, kila jagi likiingia linapigwa alama ya rangi chini, linaingia kwenye daftari, na likitoka linatoka kwa alama ile ile. Sikuinua hata kijiko. Lakini hakuna sufuria iliyopotea tena Nzuguni upande wetu, na akina mama walikuwa hawaanzi kupika mpaka nifike.

"Hii si kweli," nikamwambia yule binti. "Yaani ni kweli, lakini sivyo."

"Mama, sisi tunafuata kilichomo kwenye jalada. Kisichomo hakipo."

Hiyo sentensi niliisema mimi mwenyewe, sijui mara ngapi, kwenye dirisha kama lile. Kuna mzee mmoja, mlinzi, mkono wake ulikuwa umekauka, nilimrudisha mara tatu kwa sababu fomu yake ilikosa muhuri. Mara ya tatu nilimwambia kisichomo hakipo huku nakunywa chai. Mara ya nne hakuja, na mimi nikarudisha jalada kwenye rafu nikafurahi kwamba meza imepungua. Sikutaka kumkumbuka pale, lakini alikuja mwenyewe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nilikuwa nimepanga maneno mabaya njia nzima. Nilipomwambia, mzee wa watu akashika kichwa.

"Lakini nilikuandika vizuri, mama! Wallahi, barua nzuri kuliko hiyo sijapata kuandika."

"Ndiyo iliyoniua, mwenyekiti."

"Sasa nifanyeje?"

"Andika nyingine. Andika kwamba siwezi kazi yoyote."

Akanitazama kama nimemwambia anivue nguo barabarani. "Nimwandike mtu wa mtaa wangu kwamba hafai? Mama wa watu? Na muhuri wangu? Watu watasema nimekutukana."

Hapo ndipo nilipomdharau kwelikweli, nasema wazi. Nikamwambia wema wake ni wa mdomoni, wa bure, haumgharimu kitu, na kwamba mtu anayemsifu mwizi na mimi kwa barua ile ile hajui lolote kuhusu mwizi wala kuhusu mimi. Hakukasirika. Alisema tu kwamba barua ya kwanza ina muhuri, na barua ya pili ikipinga ya kwanza lazima ipitie kwa kamati ya mtaa na iandikiwe muhtasari. Kamati! Nilisonya mpaka mke wake akachungulia.

Kamati ilikaa Jumamosi uani kwake, wajumbe watano kwenye viti vya plastiki, mimi nimesimama mbele yao. Nilidhani ni suala la dakika kumi. Wapi!

"Lakini mama huyu anapika misibani," akasema mjumbe wa kwanza. "Mimi nimekula."

"Sijapika," nikasema. "Nimeonja chumvi."

"Mtaro je? Mimi nilimwona mtaroni."

"Ulimwona anaandika," akasema wa pili.

"Mbona hujawahi kutuambia unaumwa hivyo?" akauliza jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye naye ni mjumbe. Alikuwa na uchungu, kama nimemficha jambo la familia. "Tunachota maji wote, unamtuma mwanangu akubebee, unasema leo umechoka. Miaka sita umechoka?"

Mwenyekiti akachukua kalamu na rula yake, akasema twende moja baada ya jingine ili iandikwe sawasawa. Kuchota maji? Siwezi. Kufua? Siwezi, nafuliwa. Kuinama kufagia? Siwezi. Kulima hata tuta moja? Siwezi. Kukaa kwenye mkeka? Siwezi. Kubeba mtoto? Hata hilo, nikasema, siwezi. Mbele ya daktari kusema siwezi ni rahisi, ni kama kujaza fomu. Mbele ya watu unaosalimiana nao kila asubuhi, watu ambao umehangaika miaka sita wasijue, kila "siwezi" ilitoka kama jino. Wale wajumbe waliokuwa wanabisha wakaacha kubisha. Mmoja akaanza kufuta macho kwa kanga. Nilitamani wabishe tena.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Ilisema mkazi huyu hamudu kazi yoyote ya mikono wala ya kijamii, na anategemea msaada wa majirani kwa mahitaji yake yote. Safari hii niliomba niisome kabla haijafungwa, nikasahihisha mwenyewe mahali alipoandika "hata hivyo ni mtu mwema." Nikamwambia futa. Akafuta kwa shingo upande.

Bodi ilinipitisha. Daktari yule yule, sauti ile ile, akasema, "Pole sana mama, kulikuwa na mkanganyiko wa taarifa." Mkanganyiko! Malipo yakarudi, na kwenye barua yao wakaandika kwamba mapitio yajayo ni baada ya miaka mitatu, na kwamba maofisa wa mfuko wanaweza kumtembelea mhusika nyumbani wakati wowote bila taarifa. Nilimpigia mama yangu Kongwa nikamwambia sirudi. Akasema, "Nilikuwa nimeshakutengea kitanda," nikajua alikuwa amesikitika na amepumua, vyote pamoja.

Mwezi uliofuata jirani yangu wa ukuta mmoja alifiwa na mama yake. Nilifunga mkanda wangu, nikachukua daftari na kikopo cha rangi, nikatoka asubuhi mapema kama kawaida yangu. Uani kwake akina mama walikuwa wameshajaa, moto umewashwa, na sufuria zinaingia. Zilikuwa zinaingia hivyohivyo, bila alama. Mama mmoja kijana, mpangaji wa juzijuzi tu, alikuwa na daftari jipya, anaandika "sufuria kubwa, sufuria kubwa, sufuria kubwa," bila jina la mwenyewe hata moja.

Nikamsogelea nimwonyeshe. Mwenyekiti akaniona kutoka kwenye turubai la wanaume, akaja mbio mbio, kofia mkononi.

"Mama, pumzika. Tumeshapanga mtu."

"Anakosea, mwenyekiti. Kesho zitapotea."

"Zipotee," akasema kwa upole kabisa. "Wewe huwezi. Imeandikwa, na mimi ndiye niliyeiandika. Wakija watu wa mfuko wakakukuta na daftari, nitawaambia nini?"

Mfiwa mwenyewe, macho yamevimba, akanyanyuka kwenye mkeka akaniletea kiti cha plastiki kwa mikono yake. Siku ya msiba wa mama yake, ananiletea mimi kiti. Akina mama wakanisogezea nafasi kwenye kivuli, pamoja na vikongwe wawili ambao hawaoni vizuri. Mtu akaniwekea kikombe cha chai mkononi. Hakuna aliyeniuliza sufuria ya nani inaanza kubandikwa motoni.

Nikakaa. Nikanywa ile chai nikiangalia vyombo vya watu vikirundikwa ukutani, sufuria yangu ikiwemo, sasa siijui ni ipi. Chai ikaisha, mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, mgongo ukawaka. Nilitaka kusimama. Lakini mwenyekiti alikuwa bado ananitazama kwa huruma kutoka upande wa pili, na nikafikiri kwamba mtu aliyeandikwa vile, akionekana amesimama, watu wataanza kuulizana. Kwa hiyo nilikaa hivyohivyo mpaka mwili ulipotolewa.

Jalada langu halina kasoro sasa.